Kurasa Zilizogandana

Kila Jumanne saa tatu ya asubuhi Bwana Yunusi alikwenda zahanati kuhesabiwa damu. Alivaa kanzu safi na kofia iliyoshonwa kwa mkono, akashika bakora ambayo hakuihitaji, na kila aliyekutana naye njiani alimuuliza swali lile lile: "Zimeshuka?" Naye akajibu, "Zimeshuka, alhamdulillahi," kama mtu anayeulizwa bei ya samaki. Amu ni mji mdogo. Mtu akipiga chafya mtaa wa Mkomani, wa Langoni watamwombea rehema kabla hajapangusa pua.

Zilizokuwa zikishuka ni chembe nyeupe za damu yake. Mapema mwaka ule wa hamsini na saba zilikuwa laki mbili na elfu kumi, na wengu wake, kile kiungo kinachojificha chini ya mbavu za kushoto, ulikuwa umevimba hata kanzu ikamsimama mbele. Kwanza watu walisema ni homa ya siku nyingi. Kisha wakaanza kutania kwamba Bwana Yunusi ana mimba, na wakabishana juu ya jina la mtoto. Alipokwenda Mombasa na mkewe, daktari alisema ni saratani ya damu, akampa chupa kubwa ya vidonge vidogo vyeupe, dawa mpya isiyotimiza hata miaka mitano tangu kujulikana. Vitatu kila siku. Na damu ihesabiwe kila wiki, bila kukosa.

Aliyehesabu ni Barka, kijana wa Pate aliyesomea kazi ya maabara Mombasa. Mji ulimwita Barka wa Darubini, kwa sababu nusu ya umri wake aliupitisha jicho moja likiwa kwenye kioo. Jumanne hiyo, ya kumi na moja tangu dawa ianze, aliinua kichwa akacheka.

"Elfu kumi na nane, Mwalimu!"

Bwana Yunusi hakuwa mwalimu wa chuo chochote. Kazi yake ilikuwa kunakili: vitabu vya kale, hati za ndoa, dua, tenzi za kuwapa maharusi. Vitabu vya chapa vya Bombei na Misri vilikuwa vimemlia sehemu kubwa ya riziki yake, lakini watu wa Amu wana yao. Kitabu cha chapa ni cha kusomea. Kitabu cha mkono ni cha kuwaachia watoto. Kwa hiyo mji ulimwita Mwalimu, na yeye hakukataa.

"Elfu kumi na nane," alirudia, akaupapasa ubavu wa kushoto. Kanzu ilikuwa imelala chini kama kanzu za watu wengine. Alifurahi hata akaona haya.

"Basi kuanzia leo dawa unaacha," Barka akasema.

"Niate? Dawa inayonifaa namna hini niiate?"

Barka alivuta kiti. Alikuwa na tabia ya kueleza mambo, na mgonjwa huyu alimpenda kuliko wote. "Nikuulize, Mwalimu. Wewe ukinakili kitabu, wafanyaje?"

"Nafungua ukurasa, nasoma, naandika. Kuna ndia ngapi?"

"Na chembe ya damu ni hivyo hivyo. Ndani yake mna maandishi, marefu sana, yamesokotwa nyuzi mbili kama kamba. Chembe ikitaka kuzaa nyingine, hufungua zile nyuzi, ikanakili huu na huu. Sasa chembe yako moja ilipata kosa katika maandishi yake. Ikasahau mahali pa kusimama. Ikanakili, na zilizozaliwa zikanakili kosa lile lile, mpaka ukawa na laki mbili."

"Mwandishi mbovu."

"Mbovu, tena mwenye haraka. Dawa ile ina mikono miwili. Mmoja hushika uzi huu, wa pili hushika ule, ikazigandisha pamoja. Chembe ikija kunakili, kitabu hakifunguki. Ikilazimisha, kinachanika, nayo inakufa. Ndivyo alivyonieleza daktari, na wataalamu wenyewe bado wabishana. Hata sura ya maandishi hayo imejulikana miaka minne tu iliyopita."

Bwana Yunusi aliwaza. Hilo alilijua kwa vidole vyake. "Kama kitabu kilichonyeshewa," alisema.

"Hasa! Lakini dawa haijui kusoma, Mwalimu. Haijui hii ni ya saratani, hii ni ya Yunusi. Kila anayefungua kitabu kwa haraka humgandisha, na damu yako nzima nayo hunakili kila siku. Tukizidisha, zote zitakwisha. Na mtu asiye na chembe nyeupe, mwiba wa samaki waweza kumuua. Tena ukiacha leo, dawa itaendelea wiki mbili tatu. Chungu ukikiepua, bado huchemka."

Bwana Yunusi alikubali, akashukuru, akaondoka. Njiani alimwambia kila mtu elfu kumi na nane, hata wasiouliza.

*

Nyumbani alimpa mkewe chupa ile aiweke. Bi Umulkheir aliipokea kwa mikono miwili, akaitia katika kidaka cha ukutani kati ya marashi na sahani za kale.

Mwanamke huyu alikuwa nusu ya ile kazi ya kunakili, ingawa hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa sauti. Wino aliupika yeye kwa masizi na sandarusi. Karatasi alizipiga mistari yeye, kwa ubao uliofungwa nyuzi. Tena alikuwa na mwandiko wake mwenyewe, mdogo, uliobanana, aliouonyesha katika barua kwa dada yake wa Faza tu.

"Yeo mbona wacheka pekeyo?" alimuuliza.

"Barka mesema niate dawa. Yatosha."

Basi. Hivyo tu. Mtu aliyeelezwa nyuzi mbili na mikono miwili alifika kwake akatoa maneno matatu, kisha akauliza kuna nini cha kula. Wanaume wengi wana ugonjwa huu, na hauna darubini.

"Yatosha kwa nani?" Bi Umulkheir aliuliza, lakini mumewe alikuwa ameshaingia ndani kunawa mikono.

Msomaji asimlaumu kwa haraka. Kule Mombasa, karani wa dirishani alisema kwa sauti, mbele ya foleni nzima, kwamba dawa hii Wazungu wenyewe huingojea, na sasa inapewa watu wa visiwani. Bwana Yunusi alijifanya hakusikia. Bi Umulkheir alisikia, na neno lile halikumtoka kifuani. Sasa akafikiri: wamemwona amepata nafuu kidogo, wamekumbuka kwamba yeye si mtu. Dawa wanampa mwingine.

Kisha palikuwa na nadhiri. Siku ile waliporudi kutoka Mombasa aliweka nadhiri ya khitma, kuusoma msahafu wote: kila siku nne juzuu moja, juzuu thelathini kwa siku mia na ishirini, na kila siku atakayosoma, mumewe anywe dawa na anywe kombe. Kombe aliliandika mwenyewe, kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaliosha kwa maji ya waridi, maana hakuona vyema mgonjwa ajiandikie. Sasa alikuwa anaingia juzuu ya kumi na tisa. Na khitma haikatwi katikati. Hilo hata mtoto wa chuo analijua.

Asubuhi iliyofuata alitoa vidonge vitatu, akavisaga kwa mgongo wa kijiko, akavitia katika zafarani.

Bwana Yunusi alikunywa, akakunja uso. "Kombe la yeo lina utungu."

"Ni zafarani. Ya siku hizi si kama ya zamani."

Akalimaliza lote, kwa heshima ya maandishi. Bi Umulkheir akaisuza sahani kwa moyo mkunjufu. Alikuwa akimponya mumewe, tena kwa siri, na hakuna raha inayoshinda hiyo.

Juu ya rafu, kitu kimoja kilikuwa kikiwatazama wote wawili: kitabu kilichofungwa katika leso. Bwana Wazir, msimamizi wa vitabu vya msikiti, alikileta kabla ya ugonjwa. Ni kitabu cha dua na hukumu, kimeandikwa na sheikh mmoja wa Siyu miaka mia iliyopita, kurasa mia nne na sitini. Paa lilivuja, kurasa nyingi zikagandana, na mchwa walikuwa wamekwisha kuonja pembe. Kinakiliwe kabla hakijapotea. Lakini waandishi wa kule wana kanuni yao: kitabu cha namna hiyo mkono ulioanza ndio unaomaliza. Mwandishi akifa katikati, kurasa zake huwekwa kando, na mwingine huanza upya.

Bwana Yunusi hakuwa amekianza, wala hakukirudisha. Kukirudisha ni kuutangazia mji mzima kwamba anakufa. Kukianza ni kukidanganya kitabu. Kila jioni alikiangalia, akageuza uso. Sasa, kwa elfu kumi na nane, alianza kukiangalia muda mrefu zaidi.

"Utakwanda kukinakili?" mkewe alimuuliza.

"Zikitulia. Barka asema zitashuka kidogo, kisha zitatulia. Zikitulia, naanda."

*

Hazikutulia. Jumanne ya kwanza zilikuwa elfu tisa, na Barka akasema sawa, chungu bado kinachemka. Jumanne ya pili, elfu nne na mia sita. Barka akahesabu tena. Jumanne ya tatu Bwana Yunusi alifika akiwa na alama za kibluu mikononi kama aliyepigwa, na asubuhi ile msuaki ulikuwa umemtoa damu mpaka akatema beseni zima. Barka alihesabu mara tatu.

"Elfu mbili na mia moja."

Akatoka naye barazani, kwenye benchi walikokaa wagonjwa wengine, akamtazama usoni. Usingizi ulikuwa umempotea siku kadhaa kwa ajili ya mtu huyu.

"Mwalimu, wanywa dawa."

"Sinywi."

"Mwalimu, niambie kweli. Sitakasirika."

"Nimekwambia sinywi. Umenambia niate, nimeata."

"Damu haishuki hivi bila dawa. Darubini haisemi uongo."

"Ndipo niwe mwongo mimi?"

Benchi zima lilisikia. Mama mmoja aliyekuwa akimpepea mtoto aliacha kupepea. Bwana Yunusi ndiye aliyeandika hati za ndoa za nusu ya watu wale, na jina lake lilikuwa chini ya kila hati kwa ushahidi. Neno lake lilikuwa ndiyo mali yake. Alisimama, bakora safari hii ikimfaa kweli, akasema "Wallahi sikuinywa," mara moja, kwa sauti ndogo. Kisha akatoka. Aibu ilimchoma kuliko ugonjwa.

Njiani muuza kahawa alimwita, "Mwalimu, zimeshuka?"

"Zimeshuka," alijibu.

"Alhamdulillahi!" akasema muuza kahawa kwa furaha ya moyo wake wote.

*

Siku hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri, Barka alibisha hodi. Alikuwa amejuta. Mtu kama yule haapi bure, alijiambia, na kama mtu hasemi uongo na darubini haisemi uongo, basi kuna jambo baina yao.

Bwana Yunusi alimpokea katika daka, ule ukumbi wa mawe mlangoni unaokalishwa wageni wa kiume. Alimkaribisha kwa adabu kavu. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani kivuli cha Bi Umulkheir kilitulia.

"Mwalimu, nisamehe kwa maneno ya barazani. Nataka kuiona ile chupa tu."

"Bi Umu, lete chupa umwonyeshe."

Nyayo zilikwenda kwenye kidaka, zikarudi. Kisha mkono wenye hina ulitoka pembeni, ukaiweka chupa sakafuni. Barka alimimina vidonge kiganjani.

"Ulipoacha, vilibaki sabini na viwili. Niliandika." Akahesabu kwa kidole. "Hapa kuna tisa."

Bwana Yunusi aliitazama chupa, akalitazama pazia.

"Ni mimi," ilisema sauti ya ndani. "Usimtizame yeye, mwanangu. Yeye hayui. Nimevisaga mimi, nimemtilia katika kombe mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Mumemkatia katikati! Mimi nimeweka nadhiri ya khitma, na dawa ni pamoja. Dawa ilikuwa yamponya, kila mtu meona kwa mato yake. Munamwambia yatosha. Yatosha kwa nini? Nikasema, wamempa mkubwa fulani."

"Hakuna niliyempa. Wallahi, hakuna."

Barka alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika kweli, ila alipotafuta hasira ile imwangukie nani, ilimwangukia yeye mwenyewe. Alikuwa ameeleza vizuri sana, tena kwa raha, kwa mtu asiyeshika kijiko. Aliyeshika kijiko hakuna aliyemweleza kitu.

Basi akasogea karibu na pazia, akaanza upya. Akasema habari za maandishi ndani ya damu, za nyuzi mbili, za dawa inayozigandisha. Bi Umulkheir alisikiliza bila kumkatiza.

"Na chembe zake nzima?" aliuliza. "Hizo nazo si zina maandishi?"

"Zinayo, mama. Nazo hugandishwa."

"Basi hiyo ni sumu."

"Ni sumu. Jamaa zake za kwanza zilitokana na gesi ya vita. Ni sumu yenye kipimo. Kipimo ndiyo dawa."

"Mumempa bwanangu gesi ya vita, musinambie!"

Bwana Yunusi, katikati ya hayo yote, alitaka kucheka, akajizuia. Lakini sauti iliyofuata ilimwondolea kicheko.

"Atakufa?"

"Sijui," alisema Barka. "Damu huzaliwa ndani ya mifupa. Ikiwa huko zimebaki chembe ambazo hazikugandishwa, itarudi. Ikiwa zimekwisha, haitarudi. Hakuna dawa ya kuifungua. Tungoje tu. Asile kibichi. Mwenye mafua asimkaribie. Asinyolewe kwa wembe. Samaki mchambulie mpaka mwiba wa mwisho."

Alipoondoka alivichukua vile tisa, na Bi Umulkheir hakumzuia.

*

Bwana Yunusi hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma mkewe zaidi. Alikaa kwenye kiti chake cha kazi, mikono juu ya magoti, mpaka sauti ya muadhini wa magharibi ilipopita. Bi Umulkheir alisimama mbele yake.

"Nitukane basi."

"Nikutukane nini?"

"Nimekuua kwa mkono wangu, nawe waniuliza nini!"

Alilia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, na mara ya mwisho kulia mbele ya mumewe ilikuwa harusi ya binti yao Hadia. Bwana Yunusi alimvuta akamketisha.

"Sikiza. Mwandishi ana makosa mawili makubwa. La kwanza ni kuruka mstari. La pili ni kurudia mstari. Barka alinieleza mambo haya yote, nami nikakuletea maneno matatu. Mimi niliruka. Wewe ukarudia."

Bi Umulkheir alicheka akiwa analia, jambo lisilompendeza mtu yeyote usoni. "Na nadhiri?"

"Kusoma soma. Kombe nitakunywa, la waridi na zafarani tu. Dawa uliyoitia katika nadhiri, itolee kafara."

Bi Umulkheir akafunga siku tatu za kafara. Nyumba ikapata kanuni mpya: yeye husaga, hupika na kuchuja, lakini kila kinachoingia kikombeni hukitaja kwa jina. "Zafarani," husema asubuhi. "Waridi. Basi." Naye mumewe hunywa huku akimtazama, si kwa shaka, bali kwa sababu aligundua kwamba anapenda kumsikia akitaja.

*

Elfu moja na mia saba. Elfu moja na mia nne. Elfu moja na mia nne tena.

Bwana Wazir alikuja, akakaa mwisho wa daka na leso puani, ingawa mwenye kuogopa ugonjwa alikuwa mwenyeji. Aliuliza hali, akauliza habari za Hadia, akasema habari za mvua za mwaka huu, kisha akafika kwenye jambo lake.

"Kile kitabu si haraka, Mwalimu. Ila kuna kijana Siyu, mkono wake si mbaya. Nimesema nikupunguzie mzigo."

Hakuna tusi lililosemwa kwa upole kuliko hilo. Bwana Yunusi aliinamisha kichwa. "Nipe miezi miwili, Bwana Wazir. Nisipokuwa nimeanda, tuma mtu akitukue."

Nyuma ya pazia Bi Umulkheir aliuma kidole. Mgeni alipokwenda, alikitoa kitabu rafuni, akakifungua leso, akachemsha maji.

"Wafanyani?"

"Kunakili hujaanda. Kufungua si kunakili."

Basi wakawa na kazi. Kila mchana, kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kukaribia moto wala ukungu wa kitabu cha kale, alikaa mbali akielekeza, na mkewe akashika kurasa zilizogandana juu ya mvuke, akapenyeza jani la mkindu lililochongwa jembamba kama kisu. "Taratibu. Pembe kwanza. Iate ipoe." Nyingine zilifunguka zikiwa nzima, maandishi ya sheikh yakatokea meusi kama ya jana. Nyingine zilichanika, na Bi Umulkheir akasoma kilichobaki kwa sauti, naye akakisia kilichopotea. Walibishana juu ya maneno. Walikunywa chai. Ikiwa mtu angepita akawasikia, angesema hapa pana watu wamekuja mapumziko, wala hangekosea sana. Miaka thelathini ya ndoa hawakuwahi kukaa pamoja mchana kutwa.

Khitma ilikamilika siku ya mia na ishirini. Majirani wa kike waliitikia dua nje uani, zikaliwa kaimati, na Bwana Yunusi akanyonya moja tu mpaka ikalainika, kwa ajili ya fizi. Kesho yake ilikuwa Jumanne. Elfu moja na mia tatu.

Bi Umulkheir alisikia namba hiyo, akaenda kukoroga uji. Usiseme hakusononeka.

*

Damu ilirudi Jumanne isiyo na sifa yoyote, wiki mbili baadaye, mvua ikinyesha, barazani hakuna mtu ila mbuzi. Barka alihesabu, akafuta kioo, akahesabu.

"Elfu mbili na mia tatu."

"Umehesabu sawa?"

"Mwalimu, nimehesabu sawa."

Jumanne iliyofuata zikawa elfu tatu na mia tisa, na ya baada yake elfu tano. Alama za mikononi zikageuka manjano, zikafifia. Barka alimketisha, na uso wake ulikuwa wa furaha na wa mtu mwenye neno.

"Sikufichi. Ugonjwa haujaondoka. Umelala. Maandishi mabovu yamebaki mahali, na siku moja yataanza kunakiliwa tena. Tutarudi kwenye dawa, kwa kipimo. Safari ya pili husaidia pia. Lakini iko siku haitasaidia."

"Baada ya muda gani?"

"Wengine miaka miwili. Wengine minne. Daktari ana mmoja ambaye anamshangaza."

"Kitabu changu chataka mwaka na nusu. Mkono ukiwa mzito, miwili. Waweza kuniandikia miwili?"

"Siwezi, Mwalimu. Ningeweza ningekuandikia ishirini."

Bwana Yunusi alimshika Barka mkono, akaushika kwa muda. Alirudi nyumbani polepole. Muuza kahawa aliuliza, "Zimeshuka?" na alipojibiwa "Zimepanda," akamwonea huruma, na ikabidi aelezwe.

Nyumbani alitawadha. Akatandika mkeka karibu na dirisha penye mwangaza, akaweka ubao wa kuandikia, wino, kalamu mbili za mwanzi alizozichonga mwenyewe, na kitabu cha sheikh kikiwa wazi ukurasa wa kwanza.

"Bi Umu, ndoo uketi."

Alikuja akipangusa mikono, akidhani anaitwa kupiga mistari. Mumewe alimpa kalamu.

"Andika mstari wa kwanza. Wa pili nitaandika mimi. Hivyo hivyo mpaka mwisho."

"Mimi? Bwana Wazir atasemaje? Kitabu chataka mkono mmoya."

"Chataka mkono ulioanda ukimalize. Ikiwa iliyoanda ni miwili, mmoya ukitoka, uliobakia ni ule ule ulioanda. Hakuna wa kuyatia kando makaratasi yetu."

Bi Umulkheir alielewa. Ilimchukua kitambo, kisha ikamfika yote kwa mara moja. Alitaka kuirudisha kalamu, kwa sababu kuishika ilikuwa ni kukubali kwamba iko siku ataandika peke yake. Alimtazama mumewe. Uso wake ulikuwa umekonda, na ulikuwa na raha. Alikuwa akikianza kitabu.

"Mwandiko wangu mbaya," alisema.

"Mwandiko wako nimeunywa siku mia na ishirini. Nauyua."

Alijifuta macho kwa kiwiko ili asilowanishe vidole, akachovya kalamu, akainama juu ya karatasi.

"Usirudie mstari," mumewe akamwambia.

"Nawe usiruke," alisema Bi Umulkheir, akaandika.